Ni Kichwa Tu

Kwa Kiswahili sanifu ugonjwa wangu unaitwa kipandauso. Hapa Malaba sijawahi kusikia mtu akilitumia neno hilo. Tunasema "kichwa", halafu tunaongeza kineno kinachomaliza mazungumzo: "Ni kichwa tu." Nataka kulihoji hilo "tu". Linatoka wapi, na linamsaidia nani?

Nianze na kinachotokea, kwa ajili ya wale wenye bahati ya kutokijua. Huanzia machoni. Doa dogo linajitokeza katikati ya ukurasa, herufi zinapotelea ndani yake. Doa linapanuka, pembeni mwake mistari inametameta kwa zigizaga, na baada ya kama nusu saa naona tena sawasawa. Kisha upande mmoja wa kichwa unaanza kugonga, natapika, na taa yoyote inakuwa adui. Mji wetu nao ni wa taa. Malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda hayalali. Mimi naandika kwa kompyuta ndipo nile. Siku 3 za kichwa ni siku 3 bila malipo. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, na kichwa kilikuwa sababu mojawapo. Karo ilikuwa ile nyingine.

Watu walidhani ni macho, nikanunuliwa miwani. Mabango ya mbali nikayasoma vizuri, kichwa kikaendelea. Ndipo familia ikachanga pesa nikapigwe picha ya ubongo Eldoret. Mjomba aliuza kondoo wawili. Majibu yakarudi: ubongo safi, hakuna kitu. Nilifurahi. Nyumbani kukawa kimya. Mjomba akauliza, bila ubaya wowote, "Kwa hivyo huna kitu?"

Tangu siku hiyo najiuliza kama nilikuwa na deni la ugonjwa kwa wale waliochanga.

Kitaalamu jibu ni rahisi. Kipandauso hakionekani kwenye picha. Hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa: maumivu yanaanzaje, yanakaa muda gani, mwanga na kelele vinamfanya nini. Picha huondoa shaka ya mambo mengine, kama uvimbe au damu kuvuja, na inahitajika hasa palipo na dalili za hatari: kichwa kilicholipuka ghafla kama radi, mkono uliolegea, homa pamoja na shingo kukakamaa. Kwa hiyo picha safi haikusema sina kitu. Ilisema sina kile kingine. Ila kondoo wa mjomba hawakuuzwa kununua maelezo hayo. Waliuzwa kununua ushahidi.

Na sisi wa mpakani tunaujua ushahidi. Kontena linatoka Mombasa na sili ya kielektroniki, linapita hapa kwenda Kampala, na mara nyingi hakuna anayelifungua. Karatasi zinasema ni nguo, sili haijakatwa, basi ni nguo. Tumejenga utaratibu mzima wa kuamini tusichokiona. Mtu anayesema kichwa kinamuuma hana sili wala karatasi. Ana mdomo wake tu.

Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichotoka 1953, miaka 2 baada ya kifo chake, alitoa mfano wa watu ambao kila mmoja ana kisanduku chenye kitu anachokiita mdudu, na hakuna awezaye kuchungulia kisanduku cha mwenzake. Alitaka kuonyesha kwamba neno "maumivu" halipati maana kwa kuchungulia, bali kwa jinsi tunavyolitumia sisi kwa sisi. Mimi naongeza hili: hatulitumii kwa usawa. Mgongo wa mjomba tuliuamini bila picha, kwa sababu alibeba magunia miaka mingi. Kichwa cha msichana anayeshinda kwenye kompyuta hakina magunia ya kuonyesha, ingawa kipandauso huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Hata hivyo siwezi kuwaita wanaonishuku wakatili. Shilingi inayokuja kwangu inatoka kwenye karo ya mdogo wangu. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inadai angalau shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Pesa ikiwa kidogo namna hiyo, kuuliza maswali ni wajibu.

Kosa naliona mahali pengine. Tumefunga kuamini na kulipa kwa kamba moja. Nikikuamini, basi lazima nitoe kitu. Na kwa kuwa sina, na kukiri kwamba sina kunaniaibisha, njia ya bei nafuu ni kutokuamini. "Ni kichwa tu" inamsaidia anayeisema: inamwondolea deni kabla halijadaiwa.

Anayelipia nafuu hiyo ni mgonjwa. Asiyeaminiwa hunyamaza, na anayenyamaza hununua vidonge dukani kimya kimya. Ukimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa zenyewe zaweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Na kumbe zipo dawa za kuzuia zisizo ghali sana. Propranololi, dawa ya zamani ya presha, ni mojawapo, japo lazima daktari aseme inakufaa, hasa ukiwa na pumu. Lakini ili uandikiwe, sharti mtu akae akusikilize kwanza. Kuaminiwa ni sehemu ya tiba.

Lugha yetu ilishaikata kamba hiyo zamani. Mtu akijikwaa barabarani tunamwambia pole. Si sisi tuliomkwaza. Hatumwambii avue kiatu tuone kidole. Wala hakuna anayedhani tumeahidi kumlipia hospitali. Mbona kichwa kinyimwe kile ambacho kidole kinapewa bure? Mtu anaweza kuniambia, "Pole, nakuamini, leo sina kitu," na akawa amenipa sehemu kubwa ya ninachohitaji.

Nami nina wajibu wangu. Mfuko wa mtu, kama kichwa, hauonekani kwa nje. Mjomba akisema hana kitu, sina haki ya kumwomba anionyeshe salio la simu yake.