Haki ya Mwili Wakati wa Mitihani

 

Ndugu zetu Waislamu, tulikuwa tumekusudia kuendelea na maneno yetu juu ya mirathi, lakini limetokea jambo katika darasa letu lililotulazimu kuyaweka kando. Kijana mmoja wa Kidato cha Nne, katika wanafunzi wetu walio hodari, alianguka baada ya sala ya Alasiri na kitabu cha Kemia kingali mkononi mwake. Tulimpepea, tukamtia maji usoni, na alipopata fahamu tukamwuliza amekula nini. Akajibu kuwa hajala kitu tangu jana usiku. Tulidhani amefunga, tukataka kumwambia kuwa mgonjwa ana rukhsa ya kufungua. Akasema hakufunga, yeye anapunguza mwili.

Tulipomtuliza alitueleza mambo yake yote. Alikuwa ameazimia kupunguza kilo 12 kabla mtihani haujakwisha, kwa kuwa mwisho wa mwaka kuna arusi ya kaka yake, na kanzu aliyoshonewa mwaka jana haimwingii. Basi akawa anakula mara moja tu kutwa nzima. Usiku akinywa maji ya sanamaki. Adhuhuri, jua likiwa utosini, akikimbia ufukoni Mama Ngina hali amevaa sweta nzito ili atoke jasho. Kisha husoma mpaka saa nane za usiku, akijizuia usingizi kwa kahawa na vile vinywaji vitamu vya mikebe viuzwavyo madukani, na saa kumi na moja huamshwa kwa sala ya Alfajiri, akaenda shuleni kusinzia. Muda wa wiki tatu alipungua kilo nne, na alama zake za mtihani wa majaribio nazo zikapungua. Halafu ikatokea karamu ya jirani, njaa ikamshinda, akala biriani sahani tatu, na tangu siku ile kilo zimekuwa zikirudi moja baada ya moja. Lakini alama hazikurudi.

Tukamwuliza, "Nani anayekusumbua kwa huo mwili wako?" Aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Hapa hapa darasani, maalim. Waniita bonge."

Nasi twakiri mbele yenu kwamba jina hilo tumelisikia likitajwa zaidi ya mara moja, na kwamba hatukulikataza, na siku moja tulicheka. Sisi tunaosomesha Sura ya Al-Hujurat kila mwaka, ambamo Mwenyezi Mungu amekataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, tulikaa tukacheka. Tumemwomba kijana msamaha mbele ya wenziwe, naye ametusamehe, Mungu amlipe kheri. Basi haya tuyasemayo leo twajisemea sisi kwanza.

Kutaka kupunguza mwili si aibu wala si kuiga wageni. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kula na kunywa na papo hapo akatukataza israfu. Na katika hadithi ya Al-Miqdam bin Maadikarib, aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa tumbo ndicho chombo kibaya kabisa kwa mwanadamu kukijaza, na kuwa vitonge vichache vyamtosha kuunyosha mgongo wake, na akiwa hana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi aiache kwa pumzi. Sisi watu wa pwani hadithi hii twaihifadhi sote, na aghlabu twaisimulia juu ya sinia la pilau.

Na zamani hata aliyekula sana alikuwa akitembea. Leo mtu atokaye Kibokoni kwenda Makadara, mwendo usiozidi robo saa, hungoja tuktuk. Huyu mwanafunzi wa mtihani ndiye mkaaji zaidi ya wote: kutwa yuko juu ya kiti shuleni, jioni juu ya kiti kwa mwalimu wa ziada, usiku juu ya kiti nyumbani, na mama yake kwa kumwonea huruma humletea mahamri, kisha viazi karai, kisha kachiri, na soda ya kuteremshia. Chupa moja ya soda ya mililita 300 aghlabu ina sukari kadiri ya gramu 30, nayo ni kiasi cha vijiko saba vya chai. Lau mama angalimwona mwanawe akitia vijiko saba katika kikombe kimoja angalimpokonya bakuli la sukari. Lakini katika chupa havionekani.

Ama dawa aliyoitumia kijana wetu kujitibu maradhi haya ilikuwa mbaya kuliko maradhi yenyewe. Jasho la sweta ni maji, na mtu akinywa maji hurudi pale pale. Sanamaki kadhalika: majani hayo huliharakisha tumbo, na kitokacho ni choo na maji, wala si mafuta ya mwili, na mwenye kuyanywa kila siku hupoteza chumvi ambazo moyo wazihitajia ili upige sawasawa. Imekuja hadithi ya kuisifu sanamaki, na wauzaji wa chai za kupunguza mwili wamejua kuitumia vyema hadithi hiyo. Lakini ilisifiwa kwa kuwa ni dawa, na dawa hunywewa ugonjwa.

Na kujinyima chakula wakati wa kusoma ni kuukata mti ulioukalia. Wataalamu wa tiba wasema kwamba ubongo wa mwanadamu, ingawa uzito wake ni kiasi cha hisa 2 tu katika hisa 100 za mwili, hutumia kadiri ya hisa 20 katika 100 za nguvu za mwili uliopumzika. Basi mwenye kukaa na njaa kutwa huisoma ile sahifa moja mara tano, na njaa ikampeleka usiku kwenye kile kile alichokikimbia mchana. Anayetaka kupungua na apungue polepole, kwa kuondoa soda na vikaango kwanza, na kuzidisha samaki, kunde, mchicha na matunda, na asikose chakula cha asubuhi siku ya mtihani. Na kwa kuwa kijana wa miaka kumi na saba mwili wake ungali ukikua, ikiwa uzito wake wazidi sana basi mzazi na ampeleke kwa daktari, wala asiachiwe kujitibu kwa mashauri ya rafiki zake.

Kisha liko jambo la usingizi, na hili ndilo tuliloliona limedharauliwa kupita yote. Jumuiya ya madaktari wa usingizi ya Marekani ilitoa shauri mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 katika kila siku. Na imekuwa wazi kwa wataalamu kwamba usingizini ndimo akili inamoimarisha yale iliyoyasoma mchana, na kwamba asiyelala vya kutosha hushikwa na njaa zaidi, khasa ya vitu vitamu. Basi kijana wetu alikuwa akikesha ili afaulu, na kukesha kukimsahaulisha; akijinyima ili apungue, na kukesha kukimzidishia njaa.

Mtume (S.A.W.), kama ilivyo katika Bukhari, alikuwa akichukia mtu kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Na hapa kwetu Mombasa, mwenye kusali Isha na jamaa akalala saa tatu, akaamka saa kumi na moja kwa Alfajiri, amekwisha kulala saa nane kamili, na mbele yake yako yale masaa ya mapema ambayo Mtume aliuombea umma wake baraka ndani yake. Twawajua wazazi wanaotoa fedha nyingi kununua hirizi ya kufaulu mtihani, na kombe la kunywa asubuhi ya karatasi ya Hisabati, na mtoto yule yule wakamwacha na simu mkononi mpaka usiku wa manane. Fedha zao zimekwenda na usingizi wa mtoto umekwenda.

Labda mtu atasema: haya ya mwili ni ya dunia, na mwanafunzi kazi yake ni elimu. Twamjibu kwa kisa cha Talut katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 247. Wana wa Israili walipompinga kwa kuwa hana mali, walijibiwa kuwa Mwenyezi Mungu amemchagua na amemzidishia wasaa wa elimu na wa mwili. Elimu na mwili vimetajwa pamoja, katika aya moja. (Na asijifurahishe mwenzetu mwenye tumbo kubwa, wafasiri wameeleza kuwa ni nguvu na kimo.) Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo pwani hii, amepokewa kuwa tangu ujana wake alikuwa hodari wa kutupa mishale, na hilo halikumzuia kuwa Shafi.

Naye Abu Dardaa (R.A.) alipojikaza kwa kufunga mchana na kusimama usiku, alizuriwa na ndugu yake Salman, akamkuta mkewe amejiacha hana shughuli na kujipamba. Salman akakataa kula mpaka Abu Dardaa ale pamoja naye. Usiku akamlaza kila alipotaka kuinuka, mpaka sehemu ya mwisho ya usiku wakainuka wote wawili wakasali. Kisha akamfahamisha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), akamsadiki Salman. Tazameni kwamba yule aliyezuiwa alikuwa katika ibada. Basi itakuwaje kwa aliye katika Kemia?

Wako pia waliotuambia kuwa sala tano zatosha kuwa mazoezi. Sisi hatupendi maneno haya. Sala haikufaradhishwa ili kupunguza tumbo, na mwenye kuisali kwa nia hiyo amejipunja. Na saumu ya Jumatatu na Alkhamisi ni suna nzuri, lakini na aifunge kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na ale daku, ambayo Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa ina baraka, mwili ukipungua humo, hiyo ni fadhila juu ya fadhila. Mazoezi yawe mazoezi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 lilishauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za kujishughulisha kwa miili yao. Dakika hizo hazihitaji kiwanja wala ada. Kwenda msikitini kwa miguu na kurudi, mara tano, mwenye kukaa mbali kidogo amekwisha kupata sehemu kubwa. Na anayesoma akiinuka kila baada ya saa moja akatembea uani huku akijisomea aliyoyahifadhi, hajapoteza wakati wowote.

Ama binti zetu, nao wana mitihani ile ile na viti vile vile, na juu ya hayo twawafungia mlango. Mama mmoja alitujia akasema binti yake anataka kutembea asubuhi, na babake amekataa kwa kuwa si ada. Tukamkumbusha hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) iliyo katika Abu Daud, kwamba alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) safarini akamshinda, kisha alipokuwa amenenepa wakashindana tena, na mara hii Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kuwa hii ni badala ya ile. Tumeisoma hadithi hii miaka mingi kwa ajili ya kuonyesha uzuri wa tabia yake nyumbani, wala hatukupata kuizingatia kwa upande huu: kwamba mkewe aliponenepa hakumpa jina, bali alishindana naye mbio. Yule baba amekubali, kwa sharti mama yake binti afuatane naye, na sasa watembea wote wawili, na mama naye asema magoti yake yamepoa.

Kwa haya tumebadili taratibu za darasa letu mpaka mitihani imalizike. Darasa la usiku baada ya Isha tumeliondoa. Wenye Kidato cha Nne watasoma baada ya Alfajiri, na watakuja kwa miguu. Chai itakuwepo, kwa ndizi na mayai ya kuchemsha, na mahamri yatakuwa Ijumaa peke yake. Wazee wawili wamelalamika juu ya hili la mahamri, nasi tumewasikiliza kwa adabu, na mahamri yamebaki Ijumaa. Kijana wetu amepelekwa kwa daktari na babake, sanamaki ameiacha, na juzi alifika darasani wa kwanza kabla ya mlango kufunguliwa, akakaa barazani akisoma. Aliyefika wa pili alimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.