Mateka Mikononi mwa Raia

Msikilizaji, tarehe 26 Agosti 1944 wanajeshi wanane wa anga wa Marekani, mateka mikono mitupu, walipitishwa kwa miguu Rüsselsheim, Ujerumani, mji ulioshambuliwa na ndege za Uingereza usiku uliotangulia. Raia wakawavamia kwa mawe, nyundo na mabeleshi. Sita wakafa. Utasema aliyebomolewa nyumba ana haki ya kukasirika. Naam, siwanyimi hasira. Lakini wanajeshi hawa hawakuwa wamelipua mji ule, na hata wangekuwa ndio, mateka ni mateka. Tena hasira ile ilifunguliwa mlango: Mei 1944 Martin Bormann, kigogo wa chama cha Nazi, aliwaarifu viongozi wa chama hicho kwamba raia waliowaua wanajeshi wa anga hawakushitakiwa. Wawili kati ya wale wanane walinusurika kwa kujifanya maiti katika mkokoteni wa kuelekea makaburini.