Sitara na Upana wa Nyumba: Tafakuri juu ya Nyumba za Mawe za Lamu

Mafundisho ya Kiislamu kuhusu makazi yana pande mbili ambazo kwa mtazamo wa haraka zinapingana. Upande mmoja yapo mapokezi, likiwamo la Saad bin Abi Waqqas katika mkusanyiko wa Ibn Hibban, yanayoihesabu nyumba yenye nafasi kuwa miongoni mwa mambo manne ya furaha ya mtu, pamoja na mke mwema, jirani mwema na kipando kizuri. Upande wa pili yapo mapokezi ya Khabbab bin al-Aratt, aliyoyathibitisha Bukhari, yanayofundisha kwamba Muislamu hulipwa kwa kila anachokitoa isipokuwa kile anachokitia udongoni, yaani katika ujenzi. Wanazuoni wamezoea kuyapatanisha kwa kusema kwamba kinacholaumiwa ni kujenga kupita haja, na jibu hilo ni sahihi, ila halimfikishi mbali mtu aliyesimama mbele ya kiwanja kitupu na ramani mkononi, kwa kuwa haja yenyewe ndiyo anayoitafuta: familia inahitaji nafasi ya kufanyia nini?

Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, unalo jibu lake, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Boriti hizo ni miti ya mikoko, na urefu wake hauruhusu chumba kuwa na upana wa zaidi ya takriban mita 3, hivyo hata tajiri mkubwa wa karne ya 18 hakuweza kujijengea ukumbi mpana wa kuwastaajabisha wageni. Alichoweza fundi ni kuongeza chumba nyuma ya chumba, kila kimoja kirefu na chembamba, na kwa njia hiyo ukubwa wa nyumba ya muungwana ukawa ni kina chake, yaani umbali uliopo kati ya njia ya watu na mahali pa ndani kabisa.

Umbali huo una mpangilio wake. Mgeni hufika kwanza kwenye daka, ambalo ni kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili mbele ya mlango wa nakshi, na wengi mazungumzo yao huishia hapo. Anayekaribishwa hupita kwenye ujia uliopindwa makusudi, ili aliye njiani asione ndani hata mlango ukiwa wazi, kisha hutokea kwenye kiwanda, yaani uwanja ulio wazi juu unaoingiza mwanga na hewa. Kutoka kiwandani hufuata misana miwili, yaani vyumba virefu na vyembamba, wa tini (wa chini) na wa yuu (wa juu) kwa lafudhi ya Kiamu, kila mmoja ukiinuka kidogo kuliko uliotangulia, na nyuma yake kipo chumba kiitwacho ndani, makao ya mama wa nyumba. Kona ile ya mlangoni ina fikihi yake. Sura ya An-Nur, aya ya 27, inakataza kuingia nyumba ya mwingine bila kubisha hodi na kutoa salamu, na hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaeleza kwamba ruhusa hiyo imewekwa kwa ajili ya jicho. Ukuta uliopinda, basi, humzuilia mpita njia kosa ambalo huenda hakukusudia kulitenda, na sitara, maana yake hifadhi ya heshima ya mtu dhidi ya kuonwa na kusemwa, humlinda aliye nje kama inavyomlinda aliye ndani.

Mapambo nayo huongezeka kadiri mtu anavyoingia. Upande wa njia, ukiacha mlango, ni ukuta mtupu. Bali ukuta wa ndani umejaa zidaka, safu kwa safu za vishubaka vilivyokatwa katika lipu ya chokaa, ambamo viliwekwa vyombo vya kauri kutoka China. Ni kweli kwamba siku ya harusi, wanawake wa mji walipojaa humo, unyenyekevu huo wa ukuta wa nje ulipata likizo. Hata chooni kulikuwa na uangalifu: birika la maji lilikuwa na bakuli la kauri lililojengewa chini yake, na samaki wadogo waliofugwa humo walikula viluwiluwi vya mbu.

Chumba chenye uzito mkubwa kuliko vyote, hata hivyo, hakikuwa na pambo la kusifiwa. Nyuma ya ndani kilikuwapo kinachoitwa nyumba ya kati, na humo ndimo mwanamke alimojifungua, maiti alimooshwa na kuvikwa sanda, na mjane alimokaa eda, yaani muda wa kungoja wa miezi minne na siku kumi uliowekwa na sheria baada ya kufiwa na mume. Wajenzi wa Lamu walikubali kwamba kuzaliwa na kufa ni shughuli za nyumbani zinazostahili kutengewa mahali tangu siku ya kupiga msingi, na huenda hakuna jibu bora zaidi kwa swali la haja, kwa kuwa nafasi iliyotengewa udhaifu wa binadamu ni vigumu kuiita israfu.

Jibu hilo lina doa ambalo sifa za wasanifu wa siku hizi hupenda kulipita. Vyumba vya chini katika nyumba nyingi za ghorofa vilikuwa ghala na malazi ya watumwa, na ukimya wa ndani ulitegemea watu waliotumwa sokoni na visimani, ambao wenyewe hawakuwa na ukuta wa kuwasitiri. Mabinti wa waungwana waliweza kuvuka kwenda nyumba ya jamaa kwa wikio, daraja lililojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Mjakazi alipita chini yake, mbele ya macho ya watu wote. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini kasoro ya kifikra ni ya zamani zaidi, kwa kuwa aya ya 58 ya sura ile ile ya An-Nur, inayotaja nyakati tatu za faragha, inawaamuru hata watumwa na watoto waombe ruhusa, na hivyo inawatambua kuwa watu wenye macho na haya. Nyumba iliyowatambua kwa macho yao bila kuwapa pa kujisitiri ilishika nusu tu ya hoja.

Nusu iliyobaki bado inadaiwa. Katika ramani nyingi za nyumba kubwa zinazojengwa leo Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, sebule hukutana na jiko bila ukuta, gari mbili hupewa paa lake, na chumba cha mfanyakazi wa ndani hubanwa kando ya geti au stoo, dirisha likitazama ukuta. Anayechorewa ramani na aanze na chumba hicho, kisha cha mgonjwa na mzee, ndipo amwulize mchoraji ukubwa wa sebule.