Kiasi Si Kusudi

Waumini wengi hutaja utaratibu wa mbingu kuwa ushahidi wa Muumba: kila kitu kina kiasi chake, na penye kiasi, wanasema, pana aliyekikusudia. Galaksi ya NGC 253, ambayo Caroline Herschel aliigundua mwaka 1783, yaonyesha udhaifu wa hoja hiyo. Katikati yake nyota huzaliwa kwa wingi usio wa kawaida: gesi yenye uzito wa takriban Majua matatu hugeuka nyota kila mwaka. Zilizo kubwa zaidi hulipuka baada ya miaka milioni chache tu, na milipuko hiyo, pamoja na upepo na mwanga wa nyota hai, huisukuma nje gesi iliyobaki. Mwaka 2013 watafiti waliotumia darubini za redio za ALMA, nchini Chile, walikadiria kuwa gesi baridi inayotoka haipungui uzito wa Majua matatu kwa mwaka, na huenda ikafika tisa. Yaani, wingi wa nyota ndio unaomaliza malighafi ya nyota. Kiasi kinapatikana, lakini hakuna nyota iliyokikusudia. Maji yakifoka chunguni yakauzima moto, hatusemi chungu kilitaka kupunguza mapishi.

Muumini atajibu kwamba chungu hakikujiteleka. Ni kweli, ila sasa amebadili hoja: haulizi tena kwa nini galaksi ina kiasi, anauliza kwa nini pana sheria za maumbile zinazozaa kiasi hicho. Lipo jibu kali zaidi, la mwanatheolojia wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali. Katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa alisema kwamba tunaona pamba ikiungua inapogusana na moto, lakini hatuoni ulazima unaoviunganisha. Mtendaji ni Mungu. Kwa mtazamo huo, kila mlipuko wa nyota ni tendo lake. Tukubali. Basi galaksi ambayo ingemaliza gesi yake yote bila kujizuia nayo ingekuwa tendo lake vilevile. Ikiwa kiasi na ukosefu wa kiasi vyote vinamthibitisha sawasawa, basi kiasi hakina ushahidi wa pekee.

Asiyeamini naye asishangilie mapema. Kueleza jinsi gesi inavyofukuzwa hakuelezi kwa nini kuna gesi, wala kwa nini inatii kanuni zilezile katika NGC 253 na katika galaksi nyingine, M82, ambako mtiririko kama huo ulielezwa tangu 1963. Anayedai kwamba maelezo ya kisayansi yamemwondoa Mungu anafanya kosa la yule aliyemtafuta ndani ya kiasi: wote wawili wanamfikiria kama sababu mojawapo miongoni mwa sababu, inayoshindana na upepo wa nyota. Wakitaka kubishana kwa haki, wabishane juu ya kuwepo kwa sheria zenyewe. Huko vipimo vya gesi havimpi ushindi yeyote kati yao.