Zamu ya Kulinda



Katika jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, wako nguchiro wadogo waishio kwa makundi. Wenzake wakifukua wadudu mchangani, mmoja hupanda mahali pa juu akalinda. Amwonapo mwewe hupiga kelele, na wote hukimbilia mashimoni. Hata katika bustani za wanyama, ambako huletewa chakula, hawaachi zamu.

Tulizoea kumsifu mlinzi huyo kwamba anajitoa mhanga. Lakini mwaka 1999 mtaalamu Tim Clutton-Brock na wenzake walieleza kuwa apandaye ni yule aliyekwisha kushiba. Tena mara nyingi yeye ndiye aionaye hatari kwanza. Waliolishwa mayai ya kuchemsha walilinda zaidi.

Je, basi, ulinzi wake si wema? Wenzake waliosalimika hawamwulizi alikuwa na nia gani. Nasi tusipoteze siku zetu kupekua moyo wa mwenzetu atoaye msaada. Wala tusimdai zamu aliye na njaa kabla ya kumlisha. Swali letu ni jingine: sisi tulioshiba leo, mbona tungali tunafukua?