Kilichotangulia na Kilichosababisha
Skrini ya kompyuta ya Linux ikibaki nyeusi baada ya mfumo kusasishwa, lawama huangukia toleo jipya papo hapo. Lakini mwanafalsafa David Hume alishaonyesha, katika karne ya 18, kwamba jicho huona mfuatano tu. Kinachofunga tukio na chanzo chake halikioni. Mwaka 1843 mwanafalsafa John Stuart Mill akaeleza njia ya kutafuta chanzo kwa kulinganisha hali mbili zinazotofautiana kwa jambo moja pekee. Fundi makini hufanya hivyo hivyo: hubonyeza Ctrl, Alt na F3, huingia kwenye skrini ya maandishi, kisha hufungua akaunti mpya. GNOME, yaani mazingira ya picha ya Linux, ikifunguka humo, kasoro imo katika mipangilio ya akaunti ya zamani, na kuufuta mfumo mzima kungekuwa hasara ya bure. Isipofunguka, hujaribu kerneli (kiini cha mfumo) ya kabla ya kusasisha.