Herufi Moja Katika Damu

Somo: Yohana 9:1–7



Twasoma ya kuwa Bwana Yesu alipokuwa akipita njiani alimwona mtu aliyekuwa kipofu tangu kuzaliwa kwake. Wanafunzi hawakuuliza jinsi ya kumsaidia. Waliuliza kosa lilikuwa la nani, la mtu yule au la wazazi wake. Swali hilo halijafa hata leo. Limo katika sharika zetu, na mara nyingi huketi karibu na kitanda cha mtoto mgonjwa.

Tunao watoto ambao tangu mwaka wao wa kwanza huvimba mikono na miguu, hupungukiwa na damu, macho yao huwa ya manjano, na maumivu ya mifupa huwashika hata wakalia usiku kucha. Ugonjwa huo ni selimundu. Mtoto wa kwanza akifa, na wa pili akiugua vivyo hivyo, ukoo huanza kunong'ona. Mmoja husema mama ameleta mkosi kutoka kwao. Mwingine husema jirani ameroga. Mwingine husema ni adhabu ya dhambi iliyofichwa. Mwisho wake mama hurudishwa kwao, na mtoto hupelekwa kwa mpiga ramli. Kwa ajili ya hayo tumeona vema kuwaeleza ninyi, walimu na wazee hasa, jinsi jambo hili lilivyo.

Mwili wa kila kiumbe hai umejengwa kwa chembe ndogo ziitwazo seli, nazo hazionekani ila kwa hadubini. Katika kiini cha seli ya mtu mna nyuzi 46 ziitwazo kromosomu: 23 asili yake ni baba, na 23 asili yake ni mama. Ndani ya nyuzi hizo mna DNA, nayo ni kama kitabu kilichoandikwa kwa herufi 4 tu, lakini chenye herufi bilioni 3 hivi katika kila fungu la nyuzi 23. Sehemu za kitabu hicho ziitwazo jeni ndizo zinazoiagiza seli itengeneze nini. Kila seli inapojiandaa kugawanyika, kitabu chote hunakiliwa upya. Katika Katekisimo Ndogo twakiri ya kuwa Mungu ametuumba na kutupa mwili na viungo vyote. Basi, tukisikia mambo haya, ukiri huo haupungui bali huongezeka.

Mtu aliyegundua kwanza kanuni za urithi alikuwa Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Augustino, shirika lile lile alilokuwamo Luther zamani. Katika bustani ya monasteri yake huko Brno alipanda njegere na kuzihesabu kwa miaka mingi, akatoa habari zake mwaka 1866. Wachache walimsikiliza, alikufa mwaka 1884, na kazi yake ikafufuliwa mwaka 1900. Aliona ya kuwa jambo la urithi laweza kufichika katika mzazi, kisha likatokea katika uzao wake.

Ninyi mliopata kunakili nyimbo kwa mkono mwajua jinsi herufi moja iwezavyo kupotosha neno zima. Mtu akitaka kuandika kuponya, akaweka d mahali pa y, ameandika kuponda. Ndivyo ilivyo katika selimundu. Katika jeni iagizayo kutengenezwa kwa himoglobini, yaani kile kitu chekundu kichukuacho hewa safi katika damu, herufi 1 imebadilika. Basi chembe nyekundu, iliyopasa kuwa mviringo na laini, hupindika kama mundu, hukwama katika mishipa myembamba, na kuvunjika upesi. Ndiyo asili ya maumivu, ndiyo asili ya upungufu wa damu.

Sasa angalieni neno hili kwa makini. Kila mtu ana nakala 2 za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala 1 njema na 1 yenye kosa kwa kawaida haumwi, wala hajui analo. Watu wawili wa namna hiyo wakioana, katika kila mimba kuna bahati 1 kati ya 4 ya mtoto kupokea kosa pande zote mbili na kuwa mgonjwa. Wala msidhani ya kuwa akiisha kuzaliwa mgonjwa mmoja, watatu wafuatao watakuwa wazima. Kura hupigwa upya kila mimba. Kwa hiyo nyumba moja huweza kupata wagonjwa watatu, na jirani yake asipate hata mmoja. Lakini mtoto haugui selimundu kwa kupokea kosa kwa mama peke yake. Mume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo amehukumu damu yake mwenyewe.

Tena, mwaka 1954 tabibu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha ya kuwa mwenye nakala 1 tu ya kosa hili hukingwa kwa sehemu na malaria kali. Ndiyo sababu limedumu katika nchi zenye mbu wengi. Kile kilichomlinda babu kisife utotoni ndicho kinachomuumiza mjukuu. Je, hapo tutamshtaki nani? Lakini mtoto aliye mgonjwa hana kinga hiyo. Kwake malaria ni hatari sana.

Bwana wetu alilikataa swali la wanafunzi, kisha akainama akafanya kazi. Nabii Ezekieli naye, katika sura ya 18, aliwakataza Waisraeli kusema ya kuwa watoto huadhibiwa kwa makosa ya baba zao. Basi na sisi tufanye kazi. Wachumba tuwashauri wapimwe damu kabla ya ndoa, bila kuwaaibisha. Wazazi tuwahimize wampeleke mtoto hospitalini mapema, wampe dawa alizoandikiwa na maji mengi ya kunywa, wamlaze katika chandarua, wamkinge na baridi. Akishikwa na homa, wasingoje kesho. Wenye afya na watoe damu, maana mgonjwa wa selimundu huihitaji mara kwa mara. Na mama anayelaumiwa, mzee wa kanisa aende nyumbani kwake, aketi pamoja naye mbele ya ukoo, aseme wazi ya kuwa hana hatia.

Ee Bwana, uliyetujua kabla hatujazaliwa, utuondolee ulimi wa kulaumu, utupe mikono ya kuhudumia. Amina.